Ndiyo ya Kibati

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na aliamini kwamba nusu ya matatizo ya dunia hii yanatoka kwa watu walioulizwa vibaya. Nusu nyingine, alisema, inatoka kwa watu ambao hawakuulizwa kabisa. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mama Shefu tukiwa mbele yake. Tukiwa mbali tulimwita majina ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu bado yuko hai na bado ana masikio.

Kazi yetu ilikuwa kuuliza. Goma ya miaka ile ilijaa wakimbizi kutoka kaskazini, vita vikipanda na kushuka barabara ya Rutshuru, na kila ofisi ya misaada ilitaka kujua watu wanaonaje. Wanaonaje usalama? Wanaonaje maji, polisi, chanjo, uchaguzi? Tulipita mlango kwa mlango na fomu zetu ndani ya mfuko wa plastiki, tukarudi jioni na maoni ya watu, na Msimamizi aliyapokea maoni hayo jinsi mama mkwe anavyopokea samaki wa sokoni: kwanza ananusa.

Katika kazi hiyo yote kulikuwa na jambo moja lililomgusa yeye mwenyewe. Dada yake mkubwa, ambaye sote tulimwita Yaya, ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, kama alivyomwita yeye, alikuwa amekimbia shamba lake upande wa Rutshuru na kuishi kambini Kibati, chini ya turubai. Msimamizi alikuwa na nyumba nzuri ya mbao kule mtaa wa Majengo, yenye chumba cha ziada, na alimwomba dada yake mara kumi ahamie humo. Yaya alikataa. Alisema kuishi na mdogo wake ni kuishi ndani ya fomu: unaamka unaulizwa, unakula unaulizwa, ukinyamaza unaulizwa kwa nini umenyamaza. Basi Msimamizi aliogopa kitu kimoja tu, na hakukificha: kwamba siku moja lori litakuja Kibati kuwarudisha watu kule juu kabla bunduki hazijanyamaza, na dada yake atakuwa wa kwanza kupanda, kwa sababu aliacha maharage shambani yakikaribia kuvunwa.

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha kumjua. Siku moja ya mvua nilikuwa Majengo na fomu kumi na mbili mkononi, na miguu yangu ilikuwa imeloa mpaka rohoni. Niliingia kwenye kibanda cha chai nikazijaza zote mwenyewe. Na nilizijaza kwa ufundi, jamani. Nilimpa kila mtu umri wake, kazi yake, hasira yake kidogo. Mmoja nilimfanya mjane anayependa polisi, ili mambo yasifanane. Nilipompelekea Msimamizi, alizisoma zote bila kuinua macho, kisha akaniita niketi.

"Hawa batu bako bote banajua," alisema. "Mi naishi Majengo miaka mingi, sijaona batu kumi na mbili benye banajua kila kitu. Hakuna hata moja alisema 'sijui.' Na tena banajua miaka yabo! Makumi tatu na saba, makumi ine na tatu. Ulibakuta wapi?"

 Ni kweli, ukimuuliza mtu wa kwetu umri wake atakuambia arobaini, au atakuambia alizaliwa mwaka ule volkano ilipotema moto, na utamwacha hapo. Alinirudisha nyumbani wiki tatu. Nilipokubaliwa tena, alinifundisha kwamba fomu ya kweli inatambulika kwa yale ambayo watu hawayajui. Alisema watu wakubwa maofisini wanaona haya kusoma "sijui," wanaona kama kazi haikufanyika, lakini "sijui" ni jibu lenye heshima kuliko mengi. Kuuliza si ujinga, alituambia, lakini kuuliza vibaya ni ujinga na nusu.

Kitu alichokichukia kuliko mvua, kuliko wanajeshi, ni jile ya ofisi. Jile ni ile fulana nyeupe isiyo na mikono, yenye mifuko mingi na alama mgongoni, ambayo sisi vijana tuliivaa hata Jumapili ili wasichana watuone. Msimamizi alituamuru tuivue tunapokwenda kuuliza. Tulipolalamika, alitufanyia jaribio. Asubuhi alivaa jile yake mwenyewe akaingia nyumba moja ya mtaa wa Ndosho, akamuuliza mama wa nyumba habari za maisha. Mama yule alisema mume alikufa vitani na watoto wanakula mara moja kwa siku. Saa nane akanituma mimi nyumba ile ile, bila jile, na maswali yale yale. Mlango alinifungulia marehemu. Alikuwa anachokonoa meno, na alinikaribisha chai.

Nilirudi nikicheka, nikidhani tumemkamata mwongo. Msimamizi alikasirika, lakini si kwa mama yule. Alisema mama hakudanganya mtu. Jile ndiyo iliyouliza, na mama aliijibu jile. Mtu aliyekimbia mara tatu, akaandikwa mara tatu kwa ajili ya unga na mafuta, anajua kwamba mwenye fulana nyeupe na kalamu anatafuta wenye shida. Ungekuwa wewe, aliniuliza, ungemwambia umeshiba? Nilisema hapana. Nilimaanisha hivyo kabisa.

Kisha kulikuwa na fomu ya sabuni. Hii ilikuwa uvumbuzi wake mwenyewe, na ofisi haikuwahi kuijua. Unajua jinsi mambo yalivyo: unamkuta mwanamke kizingitini, unamuuliza anaonaje usalama wa mtaa, na ghafla mume wake amekuja kusimama nyuma yake, na nyuma ya mume mkuu wa mtaa, na kando ya mkuu wa mtaa mwanajeshi amejiegemeza kwenye ukuta na kufunga macho kama hasikii. Hapo mwanamke atakuambia usalama ni mzuri sana, asante Mungu, asante serikali. Huwezi kumfukuza mwanajeshi. Lakini Msimamizi aligundua kwamba hakuna mwanaume anayeweza kuvumilia mwenzake aulizwe na yeye aachwe. Basi tulitembea wawili wawili, na wa pili alibeba fomu ya pili, maswali arobaini kuhusu sabuni. "Muzee, na wewe umechaguliwa," tulimwambia mwanajeshi kwa heshima, tukampeleka mbali kidogo, nyuma ya choo, akajibu: unapenda sabuni ya mche au ya unga? Inayonukia au isiyonukia? Luteni mmoja alilichukulia jambo lile kwa uzito mpaka akaomba aende nyumbani kumuuliza mke wake swali la kumi na tisa, asije akaharibu hesabu. Tulimngoja. Msimamizi alisema mtu anayejibu kwa moyo hivyo ni lazima angojwe. Zile fomu za sabuni alizihifadhi kwenye sanduku chini ya kitanda, na aliapa kwamba katika Goma nzima hakukuwa na maoni ya kweli kuliko yale.

Hakukaa kamwe uso kwa uso na mtu. Alikaa kando yake, wakitazama upande mmoja, na kama mama alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, yeye naye alichukua majani akachambua. Alisema padri anajua kazi: pale kwenye kitubio hakutazami usoni, ndiyo maana unazitoa dhambi zako. Mimi nilijaribu kuchambua sombe nikaambiwa nayaharibu, nikarudi kuuliza kwa njia ya kawaida.

Lakini usidhani alikuwa mtakatifu. Mwanamke huyu aliyedai ukweli kwa kila mlango hakuwahi kujibu swali lolote la mtu mwingine kwa ukweli. Wauliza maswali wa ofisi nyingine walipofika kwake Majengo, aliwaambia ana ng'ombe tisa. Majengo! Kwenye mawe yale ya volkano hata mbuzi anatafuta mahali pa kuweka mguu. Mimi nilimjua akiwa na miaka arobaini na mitano, na aliendelea kuwa na arobaini na mitano mpaka wadogo zake wakampita. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anafanya hivyo kuwapima wale vijana kama wana akili ya kushangaa. Hakuna aliyeshangaa hata mmoja. Waliandika ng'ombe tisa wakaenda zao.

Na sasa Kibati.

Ofisi ilileta Mtaalamu mpya kutoka Ulaya, kijana mrefu, mpole, aliyependa Kiswahili chetu kwa moyo wake wote. Alikuwa na neno moja alilolijua vizuri, nalo ni "ndiyo," na alilitumia bila ubahili. Wakubwa wake walitaka kujua kama watu wa kambi ya Kibati wako tayari kurudi vijijini kwao. Wakisema wako tayari, malori yatakuja. Mtaalamu alikuwa amesoma katika vitabu vyake kwamba watu maskini hupenda kumkubalia mgeni, ukiwauliza "mnataka?" watasema wanataka. Kwa hiyo, kwa nia njema kabisa, aligeuza swali la saba. Fomu ilikuja imeandikwa hivi: Je, hutaki kurudi nyumbani? Ndiyo, au hapana.

Wewe unayesoma Kiswahili umeshacheka. Sisi hatukucheka, maana tuliuliza na tukajibiwa, na kila mmoja alielewa mwenzake. Hutaki kurudi? Ndiyo, baba, ni kama ulivyosema, sitaki. Tukaandika ndiyo. Wachache walisema hapana, si kweli, mimi nataka. Tukaandika hapana. Kwa Yaya waliuliza pia, akasema hapana, tena kwa sauti. Fomu zikaenda kwa Mtaalamu, na yeye akazihesabu kwa akili ya kwao, ambako ndiyo ni kutaka na hapana ni kutotaka. Jumatatu akatuonyesha jedwali kwa furaha: karibu kambi nzima ilikuwa inatamani kurudi nyumbani.

Msimamizi aliliangalia jedwali lile kwa muda mrefu. Juzi yake tu, tukiwa Kibati, tulisikia mizinga kutoka milimani, na akina mama walikusanya sufuria zao bila hata kuinua vichwa. Alimwambia Mtaalamu kwamba haiwezekani. Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba hesabu ni hesabu. Msimamizi akaeleza habari ya ndiyo yetu. Mtaalamu akatabasamu, akasema ndiyo ni ndiyo duniani kote. Malori yalikuwa yameshaagizwa. Nilimwona Msimamizi akishika ukingo wa meza, na nilijua anamfikiria nani.

Hakubishana zaidi. Alikaa pale ofisini mpaka saa sita, mpishi alipoingia na sinia: wali, maharage, samaki wadogo wa sambaza, wa kukaanga. Mpishi, mzee mtaratibu sana, alisimama mbele ya Mtaalamu akauliza kama alivyouliza kila siku.

"Patron, leo pia hautakula?"

"Ndiyo!" akasema Mtaalamu kwa moyo mweupe.

Mpishi akainamisha kichwa, akageuka na sinia yake, akaelekea mlangoni. Msimamizi akamwita arudi. Akamuuliza, taratibu, Kifaransa na Kiswahili vikifuatana ili kila mtu asikie, kwa nini anaondoka na chakula.

"Mama, tangu afike namuulizaka, hautakula, na ye ananijibiaka ndiyo," alisema mpishi. "Nilifikiri anafunga. Nilikuwa ninamuheshimu sana."

 Mtaalamu aliiangalia sinia, kisha akaliangalia jedwali, kisha suruali yake, ambayo tangu afike Goma ilikuwa inashikiliwa na kipande cha kamba. Kwa wiki saba alidhani mpishi anamchukia. Aliketi, akala sahani mbili, kisha akachukua simu akaomba malori yasimame.

Tulirudi Kibati na swali jipya, ambalo Msimamizi aliliandika mwenyewe: Unataka kurudi, ao unataka kubaki? Hata mtoto hangekosea. Lakini ofisi iliongeza sharti moja. Wale watakaosema kurudi, namba za vibanda vyao zitachukuliwa, nao watapewa lori moja. Msimamizi alipinga. Alisema ukichanganya kuuliza na kuandikisha, watu watalijibu lori. Hawakumsikiliza.

Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza ndugu yake, safu ya vibanda alimokaa Yaya alinipa mimi. Nilimkuta Yaya anapepeta. Nilikaa kando yake kama nilivyofundishwa, nikauliza. Aliniambia niandike kurudi, na nisikosee, maana maharage hayamngojei mtu. Nikaandika kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea: lile kosa la kwanza, la Mtaalamu, lilimhesabu Yaya na wanaobaki. Mdogo wake alikuwa amepigania hesabu iliyo sawa, na hesabu iliyo sawa ilikuwa inampandisha dada yake kwenye lori.

Jioni Msimamizi alipokea fomu zangu. Alifika kwenye fomu ya Yaya, akasimama.

"Alisema hivi?"

"Alisema, Mama Shefu."

"Kwa mudomo yake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaiweka mfukoni pamoja na nyingine. Siku tatu baadaye namba zilisomwa kambini, na ya Yaya haikuwamo. Matokeo yalikuwa wazi: karibu wote walitaka kubaki, familia chache tu zikapanda. Yaya alinitafuta kambi nzima, mzigo wake ukiwa umeshafungwa kichwani, akaniambia mbele ya watu kwamba mimi sijui kuandika na kwamba pesa za shule yangu zililiwa na walimu bure. Nilikubali. Nilikuwa na historia, si ndiyo? Mtu aliyejaza fomu kumi na mbili kwenye kibanda cha chai anaweza kukosea kisanduku kimoja. Kilichonishangaza ni kwamba Msimamizi hakunigombeza. Alisema tu kwamba makosa hutokea, sentensi ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake kabla wala baadaye.

Haikupita wiki mbili, waliopanda lori wakaanza kurudi kwa miguu, wakipita kando ya barabara bila mizigo. Mzee mmoja wa safu ya Yaya hakurudi. Nilikuwa naona aibu kwamba nilifurahia kosa lililoitwa langu, na nilifurahia kila mara nilipomwona Yaya akija kunitukana.

Na alikuja miaka na miaka. Harusini, sokoni, mbele ya kanisa baada ya misa. Hata alipokubali mwishowe kuhamia kwa mdogo wake, na wote wawili wakahama Majengo kwenda Ndosho, salamu yake kwangu ilibaki ile ile: "Wewe wa maharagi."

Mara ya mwisho niliwaona mwaka huu wa vita vingine, wakati barabara ya magharibi ilipojaa tena watu na magodoro. Sasa mimi ndiye msimamizi, vijana wangu wanauliza kwa mashine badala ya karatasi, na nilikuwa nawafuata Ndosho kuhakikisha hawajakaa mahali wanakunywa chai. Nikawakuta wale wazee wawili wameketi mlangoni kwenye ubao mmoja. Yaya haoni vizuri tena, lakini alinijua kwa sauti, akaanza. Nikainama kumwomba radhi kama kawaida yangu.

Msimamizi akaniwekea mkono begani.

"Acha," alisema. "Yaya, si yeye. Huyu aliandika muzuri. Mi ndiye nilipasua ile fomu, nikaandika ingine."

 Watu walipita barabarani na mizigo yao. Nilitamani niwe mahali pengine, popote, hata kwenye mvua ya Majengo.

"Miaka yote hii," alisema Yaya, "namutukana mutoto wa watu."

"Ndugu yangu, ungekufa."

"Nani alikuambia nakataa kuishi?"

"Ningefanya nini basi? Ungekuwa mi, ungeandika nini?"

Yaya aligeuza uso wake kwa upande wa mdogo wake, akapapasa mpaka akampata mkono.

"Ungeandika kile nilisema," alimwambia. "Halafu ungekuya kunishusha mu lori."

Nikamtazama Msimamizi. Alikuwa analia, tena alikuwa anacheka, na kati yetu wawili hakuna aliyemuuliza kwa nini.